Je, Wajua? Chama cha Baba, Kura ya Mama

Mwulize shabiki wa Yanga kwa nini yeye ni Yanga. Mara chache atakutajia kocha au mfumo wa uchezaji. Atakwambia baba alikuwa Yanga, au mjomba aliyemlea alikuwa Yanga, na mjadala umekwisha. Vyama vya siasa havipo mbali na hapo, ingawa wapiga kura wengi hawapendi kuambiwa hivyo. Kila mmoja anaamini alisikiliza sera, akapima wagombea, akaamua kwa akili zake. Watafiti wamelifuatilia jambo hili kwa zaidi ya miaka 60 na wana habari nyingine: nyumbani mtu hurithi upande, hoja za kuutetea huzitafuta baadaye.

Wanafunzi 1,669 na wazazi wao

Je, wajua kuwa utafiti unaotajwa kuliko yote kuhusu urithi wa siasa ulifanyika mwaka 1965 katika shule za sekondari za Marekani? Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan, wakiwemo M. Kent Jennings na Richard Niemi, walikwenda katika shule 97 wakawahoji wanafunzi 1,669 wa mwaka wa mwisho. Halafu wakawafuata wazazi nao wakawahoji kivyao. Kabla ya hapo ilizoeleka kumwuliza mtu mzima, "Baba yako alikuwa chama gani?" na kuandika alichojibu, kana kwamba kila mtoto anajua mzazi wake anafanya nini ndani ya kituo cha kura.

Majibu yalipolinganishwa, chama kilionekana kurithiwa kweli. Takribani wanafunzi 6 kati ya 10 walikuwa kundi moja na wazazi wao, awe Democrat, Republican au asiyefungamana na chama. Waliovuka kabisa kutoka chama cha mzazi hadi chama pinzani walikuwa 7 tu kati ya 100. Utamu uko mbele kidogo. Walipoulizwa kuhusu mambo yenyewe yanayogombaniwa, ufanano ulishuka. Mtoto alikuwa Democrat kama mama yake, lakini kuhusu sala shuleni kila mmoja alikuwa na lake, na kuhusu mtu kuruhusiwa kuhutubia hadharani dhidi ya dini, baba na mwana walifanana kidogo mno, karibu sawa na watu wasiojuana. Chama kilivuka kizazi. Imani zinazodaiwa kukibeba chama hicho nyingi ziliachwa njiani.

Na katika nyumba ambazo baba alikuwa huku na mama kule? Siku zile wengi waliamini siasa ni ya baba. Takwimu zilikataa: mama hakuwa nyuma, na mara nyingine alimpita baba kidogo.

Rangi kwanza, maana baadaye

Huko Ireland ya Kaskazini, watafiti wakiongozwa na Paul Connolly walizungumza na watoto 352 wa miaka 3 hadi 6, kutoka familia za Kikatoliki na za Kiprotestanti. Kitabu chao kilitoka mwaka 2002. Tofauti ndogo zilianza kuonekana kwa watoto wa miaka 3, hasa katika bendera walizozipenda. Walipofika miaka 6, theluthi moja walikuwa tayari wanajihesabu wa upande fulani. Mtoto hajui kufunga kamba za viatu, bendera anaijua.

Uruguay nako, je, wajua kuwa vyama vikongwe vya nchi hiyo vinaitwa kwa rangi za utepe wa vitani? Mwaka 1836, kwenye mapigano ya Carpintería, upande mmoja ulivaa utepe mweupe, wakaitwa Blancos. Wa pili walianza na rangi ya samawati, ikachuja haraka, wakaiacha wakavaa nyekundu, wakawa Colorados. Karibu karne mbili zimepita na vyama vyote viwili vipo. Ukoo wa Batlle peke yake umetoa marais wanne wa Colorado, kuanzia Lorenzo Batlle mwaka 1868 hadi Jorge Batlle aliyeondoka madarakani mwaka 2005. Blancos nao wana Lacalle wawili, baba na mwana. Wangechagua kitambaa kisichochuja, historia ya nchi ingekuwa na rangi nyingine.

Zama za Siasa

Lakini kwa mfano mnene hatuna haja ya kwenda Amerika ya Kusini. Zanzibar wana kipindi kizima kinachoitwa Zama za Siasa, kuanzia uchaguzi wa kwanza wa 1957 hadi kuelekea Mapinduzi. Hizbu, yaani ZNP, upande huu. Afro-Shirazi upande ule. Na ZPPP, iliyomeguka kutoka Afro-Shirazi mwaka 1959, ikiwa na nguvu zake Pemba. Kugomeana kuliingia kila mahali: madukani, kwenye mabasi, mpaka misibani. Hayo wanahistoria wameyaandika, si porojo za barazani.

Sasa mfikirie mtoto wa miaka minane wa siku hizo aliyetumwa chumvi. Duka la karibu analipita, anakwenda la mbali, kwa sababu la karibu ni la "wale". Hajui katiba ni kitu gani, hajawahi kumsikia mgombea akihutubia. Ila njia ya kwenda kununua chumvi imekwisha kumfundisha nani ni wetu na nani si wetu. Somo la namna hiyo halihitaji daftari, na ndiyo maana halifutiki.

Kura zenyewe zilikuwa za kukabana koo. Januari 1961 Afro-Shirazi ilitwaa kiti cha Chake Chake kwa kura moja tu. Wabunge wa ZPPP walipogawanyika, pande mbili zikatoshana viti 11 kwa 11, ikabidi uchaguzi urudiwe Juni mwaka huohuo, na Juni hiyo ghasia ziliua watu 68.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ushindani wa vyama ulizimwa hadi 1992. Kwa hiyo mpiga kura aliyekuwa na miaka 30 katika uchaguzi wa 1995 alizaliwa Hizbu ikiwa imekwisha kufutwa. Hata hivyo chama cha upinzani cha CUF kilichukua viti vyote 21 vya Pemba, kisiwa kilichokuwa ngome ya ZNP na ZPPP, na matokeo rasmi ya urais wa Zanzibar yakawa asilimia 50.2 kwa 49.8, chama tawala cha CCM kikiwa mbele. Kwenye majukwaa vijana wa CUF wakaitwa Hizbu, chama walichokisikia kwa bibi zao tu.

Tusilifanye jambo jepesi, hata hivyo. Wapemba walikuwa na manung'uniko yao ya baada ya 1964, na yangetosha yenyewe. Maalim Seif Sharif Hamad, kinara wa CUF na mwana wa Mtambwe, Pemba, alikuwa Waziri Kiongozi akiwa ndani ya CCM hiyohiyo kabla ya kufukuzwa chamani mwaka 1988. Nyumba humwonyesha mtoto upande. Yatakayomkuta yeye mwenyewe ndiyo yatakayomfanya abaki au aondoke.

Uthibitisho ulikuja Machi 2019. Mahakama ilimtambua Profesa Ibrahim Lipumba kuwa mwenyekiti halali wa CUF, na Maalim Seif akatangaza kuhamia ACT-Wazalendo. Kauli ilikuwa "shusha tanga, pandisha tanga, safari iendelee". Ofisi zikapakwa rangi mpya, bendera zikashushwa, na watu waliokuwa CUF kwa robo karne wakawa ACT bila kuhama kiti barazani. Kama wangekuwa wamerithi chama, wangebaki na chama. Upande ndio waliorithi.

Kwa mbali kidogo, Crimea inasimulia jambo linalofanana na hilo. Mwaka 1944 Stalin aliwahamisha Watatari wote wa Crimea kwa nguvu kwenda Asia ya Kati. Miaka 70 baadaye watafiti Noam Lupu na Leonid Peisakhin walihoji familia zao kwa vizazi vitatu. Wajukuu wa waliopata mateso makubwa zaidi ndio waliojihisi Watatari zaidi, na ndio walioichukia zaidi serikali ya Urusi. Wajukuu hao hawakuuona uhamisho ule. Waliusikia wakiwa wamekaa na wazee wao.

Wakenya waliohama bila kuhama

Je, wajua kuwa Kenya kuna wapiga kura waliobadilisha vyama mara nne na bado wanajiona hawajawahi kuhama? Ni wafuasi wa Raila Odinga. Walikuwa naye FORD-Kenya, wakamfuata NDP, Machi 2002 wakaingia naye KANU, kabla mwaka haujaisha wakawa naye LDP ndani ya NARC, halafu ODM. Hilo la KANU ndilo la kushangaza kuliko yote. Ni chama ambacho baba yake, Jaramogi Oginga Odinga, alikuwa makamu wa rais wake, akakiacha mwaka 1966 kwa ugomvi na Jomo Kenyatta na kuanzisha KPU. Mwana akarudi humohumo akawa katibu mkuu, akatoka tena Rais Moi alipomteua mtu mwingine kugombea urais. Mgombea mwenyewe alikuwa nani? Uhuru, mwana wa Jomo.

Wana hao wawili wakapambana 2013 na 2017, wakapeana mkono Machi 2018, na 2022 Uhuru akamuunga mkono Raila. Hapo ndipo urithi ulipogoma. Wapiga kura wengi wa eneo la Mlima Kenya, waliomfuata Uhuru miaka yote, safari hii walimpa kura William Ruto. Mzee alivuka, nyumba ikabaki. Raila alipofariki Oktoba 2025, uongozi wa ODM ulishikwa na kaka yake, Oburu Oginga.

Katika familia hizi hata majina yalikuwa siasa. Jaramogi alikataa wanawe wabatizwe kwa majina ya Kizungu, akagombana na viongozi wa kanisa kwa ajili hiyo. Raila naye alimwita kifungua mimba wake Fidel, kwa heshima ya Castro, na binti yake Winnie, kwa heshima ya mke wa Mandela. Mwana wa Jomo aliyezaliwa Oktoba 1961, miaka miwili kabla ya uhuru wa Kenya, alipewa jina Uhuru. Mtoto kama huyo anabeba kadi kabla hajajua kuketi.

Maziwa ya Nyayo

Serikali nazo hujaribu kulea. Mwaka 1979 Rais Daniel arap Moi alianzisha maziwa ya bure kwa watoto wa shule za msingi nchini Kenya, maarufu kama Maziwa ya Nyayo. Yalikuja kwenye pakiti za pembetatu, na watoto walizing'oa ncha kwa meno. Shuleni walikunywa maziwa, wakaimba nyimbo za kumsifu rais na kukariri ahadi ya utii kwake. Kama malezi ya aina hii yangetosha, KANU isingeondoka kamwe. Aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule wa 1979 alikuwa na miaka 30 hivi ilipofika Desemba 2002. Katika uchaguzi wa mwezi huo Mwai Kibaki wa NARC alipata asilimia 62, mgombea wa KANU asilimia 31. Wakenya wa rika hilo bado wanayasimulia maziwa kwa mapenzi makubwa. Kura walizipeleka kwingine.

Shule haina nguvu ya sebule. Ndiyo tofauti ninayoiona kati ya pakiti ya Nyayo na chumvi ya Zanzibar.

Nyumba zilizogawanyika

Dar es Salaam kuna ukoo uliokuwa katika siasa vizazi vitatu mfululizo. Kleist Sykes, mwana wa askari wa Kizulu aliyeletwa na Wajerumani kutoka Msumbiji, alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929 na katibu wake. Wanawe Abdulwahid na Ally walikuwa kati ya watu 17 walioasisi TANU tarehe 7 Julai 1954. Mjukuu, aliyepewa jina la babu yake Kleist, alikuja kuwa Meya wa Jiji la Dar es Salaam.

Lakini je, wajua kuwa mwana wa Mwalimu Julius Nyerere alishinda ubunge kwa tiketi ya upinzani? Mwaka 1995, katika uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virudi, Mwalimu alizunguka nchi akimnadi Benjamin Mkapa wa CCM na kuwaonya watu dhidi ya Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi. Makongoro Nyerere alikuwa Arusha akigombea kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi hiyohiyo, na akashinda. Ushindi huo ulitenguliwa mahakamani baadaye. Makongoro alirudi CCM, mwaka 2015 akaomba chama kimteue kugombea urais, na mwaka 2021 akateuliwa Mkuu wa Mkoa wa Manyara. Mzunguko wake unafanana mno na yale yaliyoandikwa na mtafiti Elias Dinas mwaka 2014: watoto wa nyumba ambazo siasa huzungumzwa sana hurithi chama mapema, lakini ndio pia wepesi wa kukiacha wakitoka nyumbani, kwa sababu wamezoea kuijali siasa na kuisikiliza. Mtoto wa nyumba isiyojali hahami, kwa kuwa hana pa kuhama kutoka.

India nao wanajua habari hizo. Rahul Gandhi ni mjukuu wa Indira Gandhi na kiongozi wa Congress. Varun Gandhi ni mjukuu wa Indira huyohuyo, na mwaka 2009 aliingia bungeni kwa tiketi ya BJP, mahasimu wakubwa wa Congress. Mama yake, Maneka, alikosana na mkwewe zamani. Ugomvi wa mkwe nao hurithiwa.

Mabinti wa Bennington

Katika miaka ya 1930 wazazi matajiri wa Marekani, wengi wao Republican wa kindakindaki, walianza kuwapeleka mabinti zao katika chuo kipya cha Bennington, Vermont. Walimu walikuwa vijana, na wengi walikuwa wakiunga mkono mageuzi ya Rais Roosevelt. Mmoja wao, Theodore Newcomb, akaamua kuwachunguza wanafunzi wake mwenyewe. Uchaguzi wa 1936 ulipofika, asilimia 62 ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza walimtaka Alfred Landon wa Republican, karibu sawasawa na wazazi wao. Miongoni mwa wa mwaka wa tatu na wa nne, Landon aliambulia asilimia 15 hivi. Ni miaka miwili mitatu tu imepita.

Newcomb hakuishia hapo. Aliwatafuta tena zaidi ya miaka 20 baadaye, wakiwa mama watu wazima, na utafiti ukarudiwa tena mwaka 1984 wakiwa bibi. Wengi hawakurudi kwenye siasa za baba zao. Sababu aliyoiona ni ya kawaida kabisa: waliolewa na wanaume wenye mawazo kama yao na wakachagua marafiki wa namna hiyo. Walijenga nyumba nyingine ya kuwalea ukubwani.

Na ndoa ndiyo mlango ambao wazazi wa Kimarekani wanaulinda siku hizi. Mwaka 1960, ni mzazi mmoja tu kati ya 20 hivi aliyesema angekereka mwanawe akioa au kuolewa na mtu wa chama kingine. Swali hilo lilipoulizwa mwaka 2010, karibu nusu ya Republican na theluthi ya Democrat walisema wangekereka.

Mtoto anapomlea mzazi

Urithi huu hupanda pia. Mwanauchumi Ebonya Washington alichunguza kura za wabunge wa Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Kati ya wabunge wenye idadi sawa ya watoto, wale wenye mabinti wengi zaidi walielekea kuunga mkono zaidi hoja zinazowahusu wanawake, hasa za afya ya uzazi. Baba mzima, mwenye chama na ilani mkononi, anafundishwa na watu wanaomwomba ada.

Mpango wa Kids Voting wa Marekani nao ulianza kwa safari ya kuvua samaki. Wanaume watatu wa Arizona walikwenda Costa Rica mwaka 1987, wakapata habari za watoto wanaoandamana na wazazi wao kwenda kupiga kura, wakalichukua wazo hilo nyumbani. Watafiti walipoufuatilia mpango huo mjini San Jose, California, walikuta watoto wakirudi na maswali ya uchaguzi nyumbani, na wazazi wao wakianza kufuatilia habari ili wasiaibike mbele ya watoto.

La mwisho lina uchungu kidogo kwa wanaojivunia chama cha ukoo. Christopher Ojeda na Peter Hatemi walilinganisha chama cha wazazi na kile ambacho watoto waliamini kuwa ndicho, wakachapisha mwaka 2015. Zaidi ya nusu ya watoto ama walikosea chama cha wazazi wao, ama walikijua wakakikataa. Mtu anaweza kukitumikia maisha yake yote chama alichodhani ni cha baba, na baba mwenyewe alikuwa na lake moyoni.

Kama wazazi wako wapo hai, waulize mwaka 1995 walimpigia nani. Usibishane na jibu. Na wakikataa kukujibu usiwalazimishe: kura ni siri.